Mafiga Matatu Kifuani mwa Mama

Yule mtu wa mionzi alikuwa amevaa sweta la kijani juu ya koti lake jeupe, kwa sababu Julai ya Sumbawanga haimheshimu mtu, hata mwenye cheo. Alimgusa mama kifuani, chini kidogo ya mfupa wa bega la kulia, akabonyeza taratibu kwa vidole viwili, kisha akanigeukia mimi.

"Dada, hii poti ni ya aina gani?"

"Ni poti," nikamjibu. "Inapitisha dawa. Wataalamu wenzako ndio walioiweka."

"Najua ni poti. Ninachouliza ni kama ni ile inayohimili presha kubwa, au ni ya kawaida."

Mama alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba cha mashine ya siti skani, kajifunika khanga hadi kidevuni. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo alikuwa ametolewa titi la kushoto, akapigwa dripu za kemo mpaka nywele zikaisha, akapona, nywele zikarudi zikiwa laini kama za mtoto mchanga. Halafu, wakati wa kuvuna maharage, akaanza kushika ubavu wa kulia. Daktari alitaka picha ya ini ili ajue kama ugonjwa umehamia huko. Hilo ndilo lililotuleta, na hakuna siku iliyopita bila mimi kuliwaza nikiwa napika, nikiwa nahudumia wateja, nikiwa nafua.

Na picha hiyo haitoki vizuri bila dawa ya kung'arisha, ambayo husukumwa mwilini kwa pampu, kwa kasi. Mkono wa kushoto haukuruhusiwa kuchomwa kwa sababu ya upasuaji wa kwapani. Wa kulia mishipa yake ilikuwa imechoka na kemo, asubuhi hiyo manesi wawili walikuwa wameitafuta wakaikosa, na mama hakusema hata "ai." Ilibaki poti, kale kadude kalikofukiwa chini ya ngozi ya kifua, kenye mrija unaokwenda hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo.

"Si umechomwa hapo mara ngapi, mama?" nikasema kwa sauti, nikitaka yule bwana asikie. "Dripu zote zimepita hapo."

"Dripu inadondoka yenyewe," akasema. "Hii pampu inasukuma. Kama poti haikutengenezwa kwa nguvu hii, inaweza kupasuka ndani. Mrija unaweza kukatika, kipande kikaenda kwenye moyo. Simchomi mama yako kwa kubahatisha."

Mama akainua kichwa kidogo. "Mwanangu, yule nesi alisema..."

"Subiri kwanza, mama. Naongea na daktari."

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu Ufipa mgonjwa mzee haongei na daktari. Anayeongea ni mtoto aliyesoma. Mzee anaeleza maumivu yake nyumbani kwa Kifipa, mtoto anayabeba, anayaingiza chumbani kwa Kiswahili, kisha anarudi na majibu. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, ila ukiivunja watu wanakushangaa, na hata madaktari wameizoea, wanamwangalia aliyesimama badala ya aliyelala. Katika watoto wa mama mimi ndiye niliyemaliza sekondari, nina steshenari karibu na stendi, na nina mdomo. Ndugu zangu waliutaja huo mdomo kama sifa waliponichagua.

Basi niliutumia. Nilimwuliza yule bwana ni nchi gani hii ambayo mtu anawekewa chombo mwilini halafu hakuna anayejua ni chombo gani. Nikamwambia gari likiuzwa lina kadi, ng'ombe wa Wasukuma kule bondeni wana alama, hata gunia la mbolea limeandikwa lina nini, ila mama yangu ndiye hana maandishi. Nikamwambia kama anaogopa kazi yake aseme. Mikono yake ilikuwa kwenye mifuko ya sweta. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Una haki ya kukasirika," akasema. "Lakini kila poti hutoka na kadi. Mara nyingi na bangili ya mpira pia. Tafuta kadi, dada. Mimi nipo wiki nzima."

Nikamvalisha mama sweta lake na koti langu juu yake, tukatoka. Upepo ulikuwa ule wa kwetu unaopita kwenye nguo. Nilipanda bajaji nikiwa bado naongea, na dereva akadhani namgombeza yeye.

Kadi niliijua. Niliijua vizuri kuliko nilivyotaka, kwa sababu siku tuliyopewa ilikuwa siku ya aibu.

Ilikuwa kwenye ile hospitali ya mbali, ambako unafika baada ya kulala njiani na miguu imevimba. Mama aliwekewa poti wakati wa Kwaresima, na siku ya kuruhusiwa akaja nesi mmoja, binti mnene mwenye sauti kubwa, kabeba bahasha. Akasoma kwenye faili tulikotoka. "Eh! Sumbawanga!" akapaza sauti ili wodi nzima isikie. "Jamani, huyu mama tumhudumie vizuri, asije akatupiga radi!"

Wodi ikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika kidonda chake.

Kama hutoki kwetu huwezi kujua utani huu unachosha kiasi gani. Popote ukisema Sumbawanga, mtu anakuuliza habari za wachawi. Ukienda chuo, radi. Ukiomba kazi, radi. Ukienda kununua karatasi za kopi jijini, mwenye duka anakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo, na anasubiri ucheke. Nami siku ile nilikuwa na siku nyingi bila kulala kitandani, mama yangu kakatwa titi, na binti wa watu ananiletea radi. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji mpaka moyo uliposhuka. Niliporudi mama alikuwa ameshafungasha, yule nesi hayupo, na bahasha ilikuwa mapajani mwake. Ndani kulikuwa na kadi ya Kiingereza na bangili ya mpira ya rangi ya zambarau.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga barua ya malalamiko. Sikuituma.

Basi sasa, jioni ile ile ya kukataliwa picha, nilipekua makabrasha dukani. Mimi ni mtu wa karatasi. Nina nakala za vyeti vya watu waliokwisha kufariki. Na kweli, nakala ya kadi ya mama ilikuwepo, tena nimeilaminisha, inang'aa: jina lake, tarehe aliyowekewa, jina la daktari, namba ndefu. Nikaigeuza ili nisome nyuma.

Nyuma kulikuwa kweupe.

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja. Kila siku ya Mungu nawauliza watu swali moja, hata usingizini naliuliza: mbele tu, au mbele na nyuma? Mwanafunzi akileta kitambulisho, mbele na nyuma. Mzee akileta kadi ya bima, mbele na nyuma. Ya mama yangu mwenyewe niliitoa mbele tu, maana wateja walikuwa wamejaa siku hiyo na nilitaka kufanya haraka. Nilikumbuka vizuri kwamba nyuma kulikuwa na maandishi madogo madogo. Na kadi halisi? Safari iliyofuata, karani wa ile hospitali aliibana kwenye faili kwa stepla akasema inabaki, nami nikaona si kitu kwa sababu kopi ninayo.

Asubuhi nikapiga simu huko. Nikazungushwa, nikaambiwa nisubiri, simu ikakatwa, nikapiga tena. Mwishoni mwanamke mmoja akaniambia faili limeshapelekwa stoo, nije na mgonjwa.

"Mgonjwa hawezi kupanda basi."

"Basi njoo wewe na barua."

"Dada yangu, nahitaji usome mistari miwili tu nyuma ya kadi."

"Mambo ya mgonjwa hatusomi kwenye simu." Akakata.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, kaegemea ukuta, kikombe cha uji wa ulezi mkononi hakijapungua. Tangu ubavu uanze alikuwa halali chali muda mrefu. Na jambo moja alikuwa ameapa mbele yetu sote: lile basi hapandi tena. Kama ni kufa, atafia kwenye baridi aliyoizoea. Kwa hiyo picha ingepigwa hapa Sumbawanga au isingepigwa kabisa, na tungekaa tunamwangalia akishika ubavu bila kujua.

"Mwanangu," akasema, "si lazima kadi. Yule nesi aliniambia..."

"Mama, wanataka maandishi. Maneno ya nesi hayasaidii."

Akanywa uji kidogo.

Ikabaki bangili. Nikamwuliza iko wapi.

"Niliivua Jumamosi Kuu," akasema.

"Kwa nini uliivua? Uliambiwa uivae!"

"Ilikuwa ya zambarau. Kwaresima ilikuwa imekwisha."

Nilimwangalia. Alinijibu kama mtu anayeeleza kwa nini huvua kofia kanisani. Zambarau ni rangi ya Kwaresima. Altare inavishwa zambarau, padri anavaa zambarau, na Pasaka ikija yote yanavuliwa. Mama alipewa bangili ya zambarau katikati ya mfungo, naye aliivaa kwa uaminifu mpaka mwisho wa mfungo. Angewezaje kuingia Pasaka na zambarau mkononi mbele ya wenzake wa jumuiya?

"Umeiweka wapi?"

"Niliifungia matawi."

Nikaenda kijijini, mbele ya Msanzi, nimekaa nyuma ya bodaboda nikimeza vumbi jekundu, nikiwagombeza kimoyomoyo watengenezaji wa bangili. Rangi zote za dunia! Wameshindwa kuweka hata alama ya radi, nikawaza, angalau tungewaelewa. Mlango wa mama nikaufungua kwa ufunguo niliouacha kwa shangazi. Juu ya picha ya Moyo Mtakatifu, pale matawi ya Jumapili ya Matawi hukaa mwaka mzima, kulikuwa na matawi mapya yaliyofungwa kwa uzi wa katani.

Nilifahamu kabla shangazi hajasema. Matawi ya mwaka uliotangulia hurudishwa kigangoni kabla ya Jumatano ya Majivu. Katekista huyachoma, na majivu yake ndiyo tunayopakwa kwenye paji la uso. Mama alikuwa amerudisha ya kwake kama alivyofanya miaka yote, yamefungwa vizuri kwa bangili yake ya mpira. Nilimfuata katekista hata hivyo. Alijikuna kichwa, akasema alikumbuka moto wa mwaka huu ulitoa harufu mbaya kidogo. Kwa hiyo cheti cha poti ya mama yangu kiko kwenye vipaji vya uso vya kigango kizima, changu nacho kimo.

Siku ya nne tukarudi hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na nakala yangu ya upande mmoja, nilikuwa na hotuba, na nilikuwa nimeazimia kwamba yule mwenye sweta la kijani atampiga mama picha siku ile au atanieleza mbele ya mkubwa wake.

Nilimkuta ameshaiandaa meza. "Nilitaka nikupigie simu," akasema. "Nimeongea na mwenzangu aliyefanya kazi sana na poti hizi. Kuna njia. Lakini nitataka dalili mbili zinazokubaliana, moja haitoshi. Ya kwanza ni mkono. Zile za presha kubwa, nyingi, zina vinundu juu yake unavyoweza kuvipapasa. Ya pili ni eksirei. Na sindano nayo lazima iwe ya presha. Ya kawaida ingepasuka hata kama poti ni nzima. Sindano nimeipata."

Nilifungua kinywa nianze hotuba, nikakosa mahali pa kuiingizia.

"Shikamoo mama," akamwambia mama. "Naomba nikuguse tena."

"Marahaba. Gusa, baba."

Alipapasa kwa ncha ya kidole, macho kayafumba. "Ngozi imekuwa ngumu kidogo," akasema. "Nahisi kimoja... viwili..."

"Vitatu," mama akasema.

"Mama, mwache afanye kazi yake," nikasema, nikaweka mkono begani mwake.

Lakini yule bwana alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze haya, mtu alimwangalia mama usoni. "Umesemaje, mama?"

"Vipo vitatu. Vimekaa kama mafiga." Akatoa mkono chini ya khanga, akakishika kidole cha yule bwana kama anavyoshika kidole cha mtoto anayejifunza kuhesabu, akakisogeza juu ya ngozi yake. "Hiki cha juu. Hiki, na hiki. Yule nesi alisema hii yangu ni ya nguvu, pampu haiivunji. Akasema, mama, ukisahau yote usisahau mafiga. Wakikuuliza, waambie wapapase mafiga."

"Ni kweli," yule bwana akasema taratibu. "Vitatu." Akanitazama, na sikupenda alivyonitazama, kwa sababu hakukuwa na ubaya wowote machoni pake.

Wakampiga eksirei ya kifua. Aliniita niione kwenye kioo. Mbavu za mama zilikuwa pale, nyembamba, na mrija ukishuka kama uzi, na juu yake kale kadude, na ndani ya kadude herufi mbili nyeupe zinazosomeka kabisa: C na T, zile zile za siti skani, alama ya poti inayohimili pampu. Waliotengeneza walikuwa wameziandika ndani yake makusudi, ili hata mgonjwa akipotelewa na kadi, hata akichoma bangili, jibu lisipotee. Mama alikuwa amelala nalo, amelima nalo, amepanda nalo bajaji na mimi nikipiga kelele pembeni yake.

Picha ikapigwa. Pampu ilisukuma, poti ikahimili, mama akasema tu kwamba amehisi joto limempita mwilini hadi kwenye unyayo, na katika baridi ile si vibaya.

Tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri majibu. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumpa.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema." Hakunilaumu, alikuwa anahesabu tu. "Siku ya kwanza ukaniambia nisubiri. Dukani ukaniambia wanataka maandishi. Leo ukaniambia nimwache afanye kazi."

"Na nesi? Yule wa radi ndiye aliyekueleza?"

"Huyo huyo. Wewe ulitoka na hasira zako. Mimi nikamwambia, radi kubwa nimeiacha nyumbani, nimekuja na hii ndogo ya kuwashia jiko. Alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu. Akakaa muda mrefu, akanieleza kila kitu. Mambo ya jiko ndiyo yaliyomkumbusha mafiga." Akavuta koti langu likafunika magoti. "Alikuwa binti mzuri. Aliniuliza uko wapi ili usikie na wewe. Nikamwambia yuko bombani, anapoa."

Siku nne. Siku nne alikaa ameegemea ukuta wa duka langu na ubavu ukimwuma, na mimi nikiwatukana makarani, watengenezaji, mashirika ya basi na serikali, nikidai kwa sauti ya juu kabisa kwamba hakuna anayemsikiliza mama yangu. Bado nina hasira na lile faili la stoo. Bado naamini mwanamke wa simu angeweza kusoma mistari miwili. Lakini yule aliyemnyamazisha mara tatu simjui mwingine isipokuwa mimi, na nilifanya hivyo kwa upendo, jambo ambalo halinisaidii chochote.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoka na picha kwenye bahasha kubwa, akaangalia benchi, na macho yake yakanijia mimi, kama yanavyokuja siku zote.

"Ndugu wa mgonjwa?" akasema. "Twende ndani nikueleze."

Nilikuwa nimeshasimama. Mama akanishika pindo la gauni.

"Leo naongea mimi," akauliza, "au bado nisubiri?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anataka kujua. Nilimwinua, nikampa mkono mpaka ndani, nikamkalisha kwenye kile kiti cha karibu na meza ya daktari, nami nikabaki nimesimama nyuma karibu na mlango. Daktari akaanza kunieleza mimi: kuna doa kwenye ini, dogo, limeonekana mapema, dawa zitabadilishwa. Nilimwonyesha kwa kidole alipo mwenye ini. Akakigeuza kiti chake kuelekea kwa mama, na akaanza tena, tangu mwanzo.